Mwani wa Elwood

Geti lilikuwa jipya, la chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na kufuli yake ilikuwa bado na kibandiko cha bei. Ardelle aliishika ile kufuli, akaipima uzito kiganjani kama mtu anayechagua viazi gengeni, kisha akaiachia igonge chuma. Nyuma yake binamu yake Roscoe alikuwa ameshateremsha magunia na reki kutoka kwenye pikapu, sasa amesimama amevikumbatia, hajui aviweke wapi.

"Mwezi uliopita halikuwepo hili," Roscoe alisema.

"Naona."

"Watu hawa wanajenga hata wakiwa wamelala."

Ng'ambo ya geti, Njia ya Keziah iliendelea kama kawaida yake, ukanda wa mchanga mweupe katikati ya misonobari mifupi, ikateremka mpaka ghubani. Keziah alikuwa nyanya wa mama yake Ardelle. Ukoo wao ulishuka kwa njia hiyo kuchimba chaza na kuchuma mwani kabla nyumba hata moja ya ghorofa haijajengwa upande ule wa mji, na mama huyo aliwalea wote wawili kwa sharti moja kuhusu njia: ukimkuta mtu, msalimie, mpishe, lakini usimwombe kupita. Ardelle alikuwa na miaka sitini na moja na hajaomba hata siku moja. Ila hakuwahi kukuta geti.

Maji yalikuwa yanakupwa. Jumamosi ilikuwa karamu ya Elwood, kaka yake mkubwa. Wao Wampanoag, wenyeji wa asili wa pwani ile ya Marekani, huiita appanaug: shimo, moto, mawe ndani ya moto, mwani juu ya mawe, chaza na mahindi juu ya mwani, turubai juu ya vyote. Hufanyiwa mtu ambaye watu wake wanataka ajue kwamba wanamthamini. Elwood alikuwa amewapikia wenzake karamu hiyo maisha yake yote, walio hai na waliokufa, na hakuna aliyekumbuka kumpikia yeye. Sasa sukari ilikuwa imeula mguu wake wa kulia, na Jumatatu hospitali ingeukata chini ya goti. Siku haikuweza kusogezwa mbele wala nyuma. Na mwani haukuwa na mbadala, kwa sababu mvuke unaoivisha chakula hutoka ndani ya vile vipovu vyake vidogo vinavyopasuka kwa joto.

"Turuke?" Roscoe aliuliza.

"Na tumbo hilo?"

"Wewe ndiye uruke. Mimi nitakurushia magunia."

Mlango wa nyumba iliyokuwa juu ya kilima ukafunguliwa, akatoka mwanamume wa makamo aliyevaa kaptura na kushika kikombe cha kahawa. Huyo alikuwa Hallam, mwenye nyumba. Alishuka haraka, akitabasamu tangu mbali, kama mtu aliyechelewa kupokea wageni wake.

"Samahanini sana!" alisema. "Geti hili si kwa ajili yenu, kabisa. Ni vijana wanaokuja na bia zao usiku. Ninyi nawaheshimu mno. Nimesoma sana habari za utamaduni wenu."

"Habari za asubuhi," Ardelle alisema.

"Nzuri, nzuri. Basi mkitaka kushuka, mnabonyeza kengele ile pale, nami nafungua. Au tufanye bora zaidi, nitawachongea ufunguo wenu. Mtakuwa mnapiga simu tu kabla ya kuja, nijue ni ninyi."

Roscoe alishasogea getini na magunia yake. Hallam naye alikuwa ameweka kikombe juu ya nguzo na kushika kufuli.

"Ufunguo hatuhitaji," Ardelle alisema.

"Basi nifungue tu leo?"

"Uliondoe."

Hallam alicheka kidogo, akamtazama Roscoe kuona kama ni utani. "Mama, siwezi kuliondoa. Limenigharimu. Lakini nimekwambia, kwako wewe ni kama halipo. Niombe tu."

"Siku njema," Ardelle alisema, akageuka.

Ndani ya pikapu Roscoe hakuwasha gari mara moja. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Alikuwa anafungua. Mkono wake ulikuwa kwenye kufuli, Ardelle."

"Niliuona."

"Na maji yamekupwa."

"Nayo nimeyaona. Washa gari."

*

Nyumba ya Ardelle ilikuwa ndogo, na tangu majira ya kuchipua ilikuwa imejaa. Binti yake Tamsin na watoto wake wawili walilala juu kwenye dari, kwa sababu nyumba waliyopanga iliuzwa kwa watu wa kiangazi, matajiri wanaokuja msimu huo tu, na hapakuwa na nyingine katika mji mzima ambayo mshahara wa kusafisha nyumba ungeweza kuilipia. Elwood alilala sebuleni kwenye kiti kinacholaza mgongo, mguu wake umefungwa bandeji juu ya kigoda. Kila aliyekwenda jikoni ilibidi auzunguke ule mguu, na kila aliyeuzunguka aliambiwa neno.

"Pita polepole," Elwood alimwambia dada yake alipoingia. "Umelala. Tangu Jumapili hatuzungumzi."

"Unauma?"

"Ungeuma ningefurahi. Mwani uko wapi?"

Ardelle alimweleza. Roscoe alimweleza upya, kwa mikono na sauti ya Hallam, mpaka Elwood akacheka akashika ubavu. Tamsin hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sare yake ya kazi, fulana ya buluu yenye nembo ya kampuni ya usafi.

"Nyumba ile naisafisha mimi," alisema. "Alhamisi na Jumatatu. Bwana Hallam si mtu mbaya. Mwaka jana alinipa friji yao ya zamani."

"Ile isiyogandisha?" Roscoe aliuliza.

"Inapoza. Mama, kwa nini hukumwacha afungue?"

"Kwa sababu kesho angekuwa mtu anayenifungulia."

"Si ndiyo hivyo hasa? Anafungua, unapita."

"Ndiyo hivyo hasa."

Tamsin alivuta pumzi ndefu. "Basi tununue mwani duka la samaki. Wanafungia kambakoche kwa mwani uleule. Wanautupa kwa magunia."

Sauti ya Elwood ikatoka kitini kavu kabisa. "Mwani uliolala juu ya barafu siku tatu. Ukiuweka juu ya mawe unanuka kama soksi. Bora mnipikie kuku kwenye jiko, tuite ni siku ya kuzaliwa, niimbiwe."

"Mjomba, mimi nawaza njia."

"Najua unawaza, mwanangu. Ninachosema, usiwaze kuelekea duka la samaki."

"Roscoe ana mashua," Tamsin alisema.

"Roscoe ana mashua yenye tundu," Roscoe alisema. "Na hata ingekuwa nzima, Ardelle asingepanda. Akizunguka kwa maji, geti limeshashinda."

Ardelle aliinama. Alikuwa anavua viatu, na mchanga wa upande wa nje wa geti ulimwagika sakafuni.

*

Alhamisi jioni Tamsin aliporudi kazini aliweka ufunguo juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa ya sosi na dawa za Elwood. Ulikuwa umefungwa utepe wa kijani.

"Kwa ajili ya kesho," alisema. "Nimeshazungumza naye. Hakuna haja ya wewe kuonana naye hata. Anataka tu kupigiwa simu, nami nitapiga."

Ardelle alikuwa anamenya viazi. Aliendelea mpaka akamaliza kile alichokishika.

"Ulimwomba?"

"Nilimwambia mama anahitaji kupita."

"Akasema?"

"Akasema kwa furaha kabisa. Wakati wowote, maadamu tunamjulisha."

"Ukamshukuru?"

"Mama, mtu akikupa kitu unamshukuru! Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kushukuru ukipewa kitu cha mtu."

Tamsin akavuta kiti, akaketi akiwa bado na viatu vya kazi. Alikuwa ameosha vyoo vitano siku hiyo, na mikono yake ilinuka klorini. "Haya. Nieleze kama mtoto. Nimefanya nini?"

Ardelle aliweka kisu chini. "Njia ile hatuna karatasi yake. Hatujawahi kuwa nayo. Tulicho nacho ni kwamba tumepita, hatukumwomba mtu. Bibi yako alipita, mama yake alipita. Siku tutakayomwomba mtu na kumshukuru, tutakuwa tumekubali kwamba ni yake na alikuwa na haki ya kutuzuia. Akifa Hallam, au akiuza, anayekuja anabadilisha kufuli. Utakwenda kwa nani? Utasema nini? Kwamba mwenyewe alikuwa anakuruhusu?"

"Kwa hiyo nimeuza njia kwa neno asante."

"Sijasema umeuza."

"Umesema kwa uso." Tamsin alitazama upande wa sebuleni, akapunguza sauti. "Jumatatu mjomba anakatwa mguu. Anaweza asiamke pale mezani, daktari mwenyewe alisema, moyo wake si mzuri. Na wewe unabishana na geti. Ukiurudisha ufunguo huu, unajua mimi nitakuwa nani kwenye nyumba ile Jumatatu? Nitakuwa yule ambaye mama yake alimtupia tajiri zawadi yake usoni. Hawa watu hawamfokei mtu, Mama. Wanapiga simu kampuni, wanasema wangependa kujaribu msichana mwingine."

"Najua."

"Unajua, lakini?"

"Najua tu."

Kutoka kitini, Elwood akakohoa. Hakuwa amelala.

"Mimi ningeuchukua," alisema.

Ardelle alikwenda akasimama mlangoni.

"Umesema nini?"

"Nimesema ningeuchukua. Nimechoka, Ardelle. Nimebishana na watu wa mageti tangu nikiwa na nywele. Nataka kukaa kitini, nile kome wangu waliopikwa sawasawa, halafu niende nikakatwe. Ukiuchukua sitakulaumu. Ukiuacha pia sitakulaumu, lakini nitakuwa na njaa." Alijigeuza kidogo, kiti kikalia. "Kesho niko kwa wasafisha damu mchana kutwa. Fanya lolote, usiniulize."

Ardelle alirudi jikoni akamaliza viazi. Usiku ule ufunguo ulilala mezani na utepe wake.

*

Ijumaa alikwenda na Roscoe na binamu wengine wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, wote wamevaa suruali za mpira zinazopanda hadi kifuani. Ardelle hakupiga simu. Alibonyeza kengele ya geti, na Roscoe akamtazama kwa mshangao, akidhani moyo umelegea.

Hallam alishuka akitabasamu. Juu kwenye baraza yake ya mbao walikaa wageni watatu na mkewe, na bilauri za mvinyo mkononi ingawa jua lilikuwa bado juu.

"Mmekuja! Lakini ufunguo mnao, si ndiyo?"

Ardelle alipitisha mkono katikati ya vyuma, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Binti yangu aliupokea kwa wema," alisema. "Hakufanya ubaya. Lakini hatuwezi kuutumia. Tunashuka kuchuma mwani, kama tulivyozoea."

Hallam aliutazama ufunguo, na shingo yake ikawa nyekundu kidogo kidogo kuelekea masikioni. "Sielewi. Nimekuwa mwema kwenu. Nimefanya kila kitu mtu anachoweza kufanya."

"Umekuwa mwema."

"Basi tatizo ni nini? Semeni tu tunaomba kupita. Neno moja. Nitalifungua sasa hivi."

"Habari za mchana," Ardelle alisema, akaanza kutembea.

Kando ya geti, kati ya nguzo na uzio, palikuwa na mwanya uliojaa majani ya kuwasha, yale mekundu ambayo ukiyagusa unajikuna wiki nzima. Alipita hapo ubavu ubavu. Wengine wakafuata, na Roscoe wa mwisho, akiwa ameshikilia tumbo lake ndani kwa mikono yote miwili.

"Nawakataza!" Hallam aliita. "Nasema wazi, mbele ya watu, nawakataza kupita!"

"Tumesikia," Ardelle alijibu bila kugeuka. Alitaka wageni wa barazani nao wasikie kwamba amekatazwa.

Chini ghubani walifanya kazi bila maneno mengi. Mwani ulikuwa mzuri, wa rangi ya zeituni, umeng'ang'ania mawe kama nywele, na vipovu vyake vimejaa. Walikata, hawakung'oa, wakijaza magunia na kuyachovya majini yasikauke. Walipopandisha, kila mtu na gunia lake linalovuja mgongoni, gari la askari lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa geti, na askari alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi.

Alikuwa Joaquim Medeiros. Alikulia nyumba ya tatu kutoka kwa Ardelle, na hapakuwa na karamu ya Elwood aliyoikosa alipokuwa mdogo.

"Shangazi," alisema.

"Joaquim."

"Una kadi?"

"Kadi gani?"

"Ya uanachama wa kabila. Tafadhali."

"Joaquim, mimi nilikubadilisha nepi."

"Najua, Shangazi. Kadi tu."

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, chini ya suruali ya mpira. Ardelle alitua gunia, akafungua mikanda ya mabegani, na suruali ikaporomoka mpaka magotini. Akabaki katikati ya njia na shati la zamani la marehemu mumewe lililolowa na kumganda tumboni. Kwenye baraza mgeni mmoja alikuwa ameinua simu, anapiga picha. Medeiros aliisoma kadi muda mrefu, kama mtu asiyejua jina lililoandikwa.

"Isome kwa sauti," Roscoe alisema. "Wenye bilauri hawasikii."

"Kuchuma mwani hakuna shida," Medeiros alisema, akiirudisha. "Haki hiyo mnayo, kila mtu anajua. Shida ni kupita."

"Kwani tulitakiwa tudondoke kutoka mawinguni?"

"Roscoe, nyamaza," Ardelle alisema. Alikuwa anapandisha suruali.

Medeiros alimsogelea, akamgeuzia mgongo Hallam aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma. "Sikia, Shangazi. Mwenyewe anasema alimpa Tamsin ufunguo. Maana yake ruhusa ilikuwepo. Wewe niambie hivyo tu: Bwana Hallam aliniruhusu, nikapita. Nafunga daftari. Mnaondoka na mwani wenu, na kesho nakuja kula na mke wangu."

"Yeye anataka hivyo?"

"Yeye ndiye aliyeniambia. Hana haja ya kesi. Anataka tu lisemwe."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye magunia sita na kuchora vijito kwenye mchanga. Hallam alikuwa ameinamisha kichwa kwa upole, anangoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye tayari kabisa kusamehe.

"Hakuniruhusu," Ardelle alisema.

"Shangazi."

"Ufunguo nimemrudishia mkononi kabla sijapita. Akanikataza kwa sauti. Nikapita. Andika."

"Nikiandika hivyo ni mahakama. Faini, pengine zaidi. Utasimama mbele ya hakimu kwa ajili ya magunia ya mwani?"

"Andika kwa mwandiko unaosomeka. Alipita bila ruhusa. Ukiweza ongeza na mwaka jana, na mwaka aliozaliwa mama yangu."

"Siku moja inatosha," Medeiros alisema, akatoa kalamu. Mkono wake haukuwa na haraka.

"Na mimi niandike," Roscoe alisema. "Gunia langu kubwa kuliko lake."

"Wino unaisha, Roscoe."

"Andika kwa kucha."

Medeiros akamwandika naye. Kisha wale wengine wanne, mmoja mmoja, wakatua magunia wakataja majina yao, na aliyekuwa anapiga picha akashusha simu, kwa sababu jambo lilikuwa limekuwa refu na halichekeshi.

*

Jumamosi moto uliwashwa alfajiri nyuma ya nyumba. Ardelle alikuwa amewaambia wote kwamba Elwood asiambiwe yaliyotokea jana getini mpaka ale. Mwenye kufanyiwa karamu haruhusiwi kufanya kazi, na hilo peke yake lilikuwa mateso ya kumtosha. Walimweka kwenye kiti kivulini, na blanketi mapajani, akapiga kelele kutoka hapo.

"Jiwe hilo nani kalileta?"

"Mimi," mmoja wa binamu alijibu.

"Limeshaungua hilo! Tazama rangi yake! Unataka lipasuke liwatoe watoto macho? Jiwe likishapikiwa mara moja limestaafu, kama mimi. Litoe!"

Jiwe likatolewa. Elwood akaomba apewe fimbo aonyeshe kwa mbali, akanyimwa fimbo.

Watu walikuja na viti vyao, vyungu vyao na watoto wao, zaidi ya walioalikwa. Medeiros alikuja bila sare, na mkewe, na sanduku la mahindi. Alimsalimia Ardelle bila kumtazama machoni, naye akampa kisu akate vitunguu.

Mawe yalipokuwa meupe waliyatandaza kwa reki, wakatupa mwani juu yake, na sauti ya vipovu kupasuka ikajaa uwanjani kama mvua juu ya bati. Juu yake wakapanga kome na chaza, kambakoche, viazi, soseji na mahindi katika maganda yake, wakafunika kwa mwani tena, kisha turubai lililoloweshwa. Ardelle aliagiza kila kitu kwa kidole. Hakuwahi kuongoza karamu; kazi hiyo ilikuwa ya Elwood, na kabla yake ya baba yao. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kukanyaga kingo za turubai pale mvuke ulipotoroka.

Tamsin alikuja akasimama kando ya mama yake, akakanyaga upande wake. Mikono ya Ardelle ilikuwa imeumuka malengelenge ya yale majani ya kuwasha mpaka viwikoni.

"Kampuni wamenitumia ujumbe," Tamsin alisema. "Nyumba mbili za barabara ile si zangu tena. Wamesema si kwa sababu ya kazi yangu."

"Pole."

"Pole hailipi bima ya gari."

"Hailipi."

Mtoto alipita akikimbia na mbwa, akafokewa kutoka kwenye kiti cha kivulini.

"Huko mahakamani wataniita?" Tamsin aliuliza.

"Wakili wake akiwa na akili, atakuita wa kwanza."

"Ataniuliza kama niliomba ufunguo."

"Na kama ulishukuru."

"Niseme nini?"

Ardelle alihamisha mguu, akakanyaga mahali pengine. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku kucha huku akijikuna.

"Utasema kweli."

"Kweli itatupotezea njia."

"Pengine."

"Halafu utanitazama hivyo maisha yako yote. Kama ulivyonitazama juzi jikoni."

"Nitakuwa na hasira," Ardelle alisema. "Nitakuwa na hasira muda mrefu. Lakini utakuwa unakula kwangu, na watoto wako wanalala darini kwangu, kwa hiyo hasira yangu utaizoea."

Tamsin alitaka kucheka, ikashindikana. "Mimi nilikuwa nataka mjomba ale. Basi."

"Hata mimi. Shika kona ile."

Wakafunua turubai pamoja. Mvuke ulipanda mweupe na harufu ya bahari ikawafikia hata waliokuwa barabarani. Watu hawakusogea. Sahani ya kwanza ni ya mwenye karamu, na Elwood hakuwahi kuusifu upishi wa mtu mwingine, hata wa baba yake mwenyewe. Ardelle alimpelekea sahani kwa mikono yake: kome, chaza mmoja mkubwa, nusu ya hindi. Akaiweka juu ya blanketi.

Elwood alifungua kome kwa kidole gumba, akamvuta, akamtia mdomoni. Alitafuna akiwa amefumba macho. Akanywa yale maji ya ndani ya gamba. Kisha akachukua utepe wa mwani ulionata pembeni ya sahani, akaunusa, akaulamba.

"Huu si wa dukani."

"Si wa dukani."

"Ni wa chini ya Keziah."

"Ndiyo."

Alimtazama dada yake, mikono iliyoumuka, kisha Medeiros aliyekuwa ghafla amezama kwenye vitunguu vyake, kisha Tamsin aliyekuwa bado ameshika kona ya turubai. Hakuwa mjinga, na watu walikuwa kimya kupita kiasi.

"Mlipitaje?"

"Kwa miguu, kaka," Ardelle alisema.

Elwood alishusha macho kwenye bandeji juu ya kigoda. Kisha akatupa gamba kwenye nyasi na kuinyanyua sahani kuelekea kwa dada yake.

"Ongeza," alisema. "Na hao wengine wape, wamesimama kama wako msibani."